Hatua Ishirini kwa Ishirini

Pembezoni mwa Dar es Salaam kiwanja huuzwa kwa hatua. Dalali hutangulia na panga akifyeka nyasi, mwenye shamba humfuata akionyesha mwembe wa mpaka, mnunuzi huja nyuma akijihadhari na upupu. Kisha huhesabiwa: hatua ishirini kwa ishirini bei hii, kumi na tano kwa ishirini bei ile. Ubishi mkubwa huwa ni miguu ya nani itumike. Mwenye shamba aliye mfupi hupenda kupima mwenyewe. Mnunuzi mjanja huja na shemeji mrefu. Wakishaafikiana, karatasi ya mauziano huandikwa, mashahidi hutia sahihi, ofisi ya serikali ya mtaa hugonga muhuri na kupokea chake. Hapo jiji limeongezeka nyumba moja, na hakuna mchoro wowote wa mipango miji uliokuwa na habari nayo.

Mpima ardhi mmoja, mstaafu anayeishi Mbagala, ameshindana na miguu hiyo karibu maisha yake yote. Aliingia kazini miaka ya 1970 akiwa kijana wa kubeba mawe ya mpaka na kushika ncha ya tepu ya chuma. Akasomeshwa, akapanda cheo, akafika kuwa yeye ndiye anayechungulia kwenye theodolaiti huku vijana wengine wakimshikia fimbo juani. Ana kumbukumbu ambazo wenyeji wengi wa jiji hawana, kwa sababu aliiona ardhi kabla ya nyumba: Sinza ikiwa mihogo, Tabata ikiwa mikorosho, Mbweni ikiwa vichaka vya kukatia kuni. Akisikia watu wakilalamika kwamba Dar es Salaam haikupangwa, hutikisa kichwa. Imepangwa sana, husema. Tatizo ni kwamba dalali alifika kwanza.

Makabati ya ofisi yanamuunga mkono. Mji ulioanzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, kisha ukawa makao makuu ya Wajerumani mwaka 1891, ulipata mpango kabambe mwaka 1949 chini ya Waingereza. Ukafuata wa mwaka 1968, uliochorwa na kampuni ya Toronto, na wa mwaka 1979, uliofanywa nao na Wakanada. Ramani za mipango hiyo zilikuwa za kupendeza, mabonde ya mito yakiwa ya kijani na barabara zikipishana kwa nidhamu. Na kabla ya hiyo yote kulikuwapo mpango wa aina nyingine, wa ubaguzi: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati, Uswahilini nyuma yake, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga watu kwa kisingizio cha afya. Mpango ule ulitekelezeka kwa sababu mbili zisizopendeza: watu walikuwa wachache, na hawakuulizwa. Lakini mitaa iliyonyooka ya Kariakoo, iliyochorwa zama hizo kwa ajili ya nyumba za chini za udongo, ndiyo inayobeba maghorofa ya leo. Nyumba zimebomolewa na kujengwa upya mara kadhaa. Mitaa ipo palepale.

Baada ya uhuru watu wakaja. Sensa ya mwaka 1967 iliwahesabu watu 356,286 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 1978 ikawakuta 843,090. Zaidi ya mara mbili katika miaka kumi na mmoja! Hakuna ofisi ya ardhi duniani ambayo isingetoka jasho. Serikali ilijaribu kuwarudisha wasio na kazi vijijini, na sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ikaja kuipa kampeni hiyo meno, lakini malori yaliyowapeleka hayakuwa na namna ya kuwazuia wasipande basi la kurudi.

Jibu la kwanza kwa makazi holela lilikuwa kubomoa. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilivunja nyumba za makuti na udongo na kujenga za matofali mahali pake. Ilikuwa kazi ya kuonekana, ya kupigwa picha, ila hesabu yake haikulipa: ukivunja nyumba moja na kujenga moja, umetumia fedha nyingi na idadi ya nyumba ni ileile. Mwaka 1972 serikali ikageuza msimamo. Makazi holela yasivunjwe, yaboreshwe. Na sambamba na hilo vipimwe viwanja vipya vyenye barabara na maji, watu wajijengee wenyewe kwa uwezo wao. Benki ya Dunia ikakopesha, na mwaka 1974 mradi ukaanza. Viwanja vipya vilikuwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Maboresho yalianzia Manzese.

Hapa ndipo kumbukumbu za mpima zinapokuwa na thamani kuliko vitabu, maana alifanya kazi pande zote mbili, mwendo wa miguu kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Sinza ilikuwa kazi tamu. Walifika alfajiri, wakafyeka mistari, wakanyoosha tepu, wakazika mawe. Kiwanja kidogo kilikuwa mita 12 kwa 24, yaani mita za mraba 288, na barabara zilikatwa kabla hata tofali moja halijafyatuliwa. Wenye mihogo walilipwa fidia ya mazao, wengine wakanung'unika, lakini hakukuwa na ukuta wa kuzunguka wala choo cha kuruka. Waliopewa viwanja waliweza kukopa Benki ya Nyumba. Kijana yule alikuwa akiona fahari ya ajabu kusimama kwenye makutano ya barabara mbili ambazo bado zilikuwa nyasi tupu, akawaeleza wapita njia kwamba hapa ni njia panda.

Manzese ilikuwa kinyume. Nyumba zilikuwa zimeshasimama, zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, korido katikati na ua nyuma, kila chumba na mpangaji wake na watoto wake. Barabara ilibidi ipenye pale palipopenyeka. Mhandisi alichora mstari ofisini. Uwanjani mstari ukakuta jiko la mama ntilie, ukakuta kisima, ukakuta msikiti. Kila kona ikawa kikao. Mpima anakumbuka kwamba muda mwingi walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakinywa kahawa na wazee, theodolaiti ikiwa imefunikwa gunia. Hata hivyo walipitisha barabara, mifereji, mabomba na taa, na watu walishangilia kwa haki. Kisha miaka ya 1980 ikaja na uchumi ulioanguka. Taa zikaungua zisibadilishwe, mifereji ikajaa takataka, na nafasi zilizobaki kati ya nyumba na nyumba zikajengwa.

Miongo kadhaa baadaye wachumi wakiongozwa na Guy Michaels wa London walichukua picha za satelaiti na takwimu za miji saba ya Tanzania iliyokuwa na miradi hiyo, wakalinganisha. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kufika yana nyumba kubwa zaidi, za ghorofa zaidi, zilizopangika, zenye umeme, maji na njia, kuliko maeneo jirani ambayo nayo yalikuwa mapori wakati ule lakini hayakupimwa. Yale yaliyoboreshwa baada ya kujengwa hayakuonyesha nafuu hiyo. Mpima aliposimuliwa matokeo hayo aliuliza satelaiti iligharimu kiasi gani. Angewaambia hayo bure, alisema, kwa nauli ya daladala kutoka Sinza hadi Manzese.

Asidanganywe mtu kwamba Sinza ni pepo. Viwanja vilikusudiwa wenye kipato cha chini, na wengi wao waliuza kwa wenye nacho kabla ya miaka mingi kupita. Leo Sinza ni baa, saluni, hosteli na maduka ya nguo, na kiwanja cha mita za mraba 288 bei yake haisogelewi na mtu wa aina aliyelengwa mwaka 1974. Lakini gari la zimamoto linafika mlangoni. Hilo ndilo jambo lenyewe. Kule Manzese kwa ndani, jeneza hubebwa begani mpaka barabarani maana gari haliingii. Gari la kunyonya maji taka haliingii pia, kwa hiyo choo kikijaa huitwa vyura, vijana wanaoshuka shimoni na ndoo. Au husubiriwa masika, mvua kubwa inyeshe, kitapishwe usiku, uchafu uende na maji kwa jirani wa bondeni. Kipindupindu cha jiji hili kina sababu nyingi, na mojawapo ni upana wa vichochoro.

Baada ya miradi ile, fedha za kupima zilikauka. Kati ya mwaka 1990 na 2001 maombi ya viwanja Dar es Salaam yalizidi 240,000. Vilivyotolewa ni takriban 8,000. Kwa lugha ya kaunta, watu thelathini wamepanga foleni na mmoja amehudumiwa. Wale ishirini na tisa hawakwenda kulala, walimtafuta dalali. Mpima, ambaye wakati huo alikuwa ofisini zaidi kuliko uwanjani kwa sababu hapakuwa na mafuta ya Landrover, aliwaona wakiingia na bahasha, wakijaza fomu, wakirudi baada ya mwezi, wakirudi baada ya mwaka, kisha wasirudi tena. Alikutana na mmoja wao Jumapili moja huko Kimara, akiwa juu ya ngazi anapiga bati. Wakasalimiana vizuri tu. Mtu yule alimwambia, “Mzee, wewe subiri, mimi nina watoto.”

Hapo ndipo penye kiini cha suala, na wanaoandika ripoti hukipita mara nyingi. Makazi holela huelezwa kana kwamba ni ukaidi wa watu wasiopenda sheria. Lakini dalali alikuwa anatoa huduma ambayo serikali haikuitoa: kiwanja wiki hii, kwa fedha ya kulipa kidogokidogo, kwa karatasi ambayo majirani wote wanaiheshimu. Wapo wanaoamini mjumbe wa nyumba kumi kuliko hati yenye nembo, na hawana kosa. Kitu pekee ambacho dalali hakuuza ni njia. Hakuna anayelipwa kwa ajili ya njia. Kila muuzaji alitarajia jirani yake ndiye ataiacha, na jirani naye alitarajia vivyo hivyo, mpaka nyumba ya mwisho ikafunga.

Wala mabonde hayakusalimika. Msimbazi, mto unaotoka vilima vya Pugu na kupita katikati ya jiji hadi Daraja la Selander, ulitengwa tangu zamani kuwa eneo la wazi. Ardhi isiyopaswa kujengwa huwa rahisi bei, na iliyo rahisi hununuliwa na maskini, hasa ikiwa karibu na Kariakoo mtu aende kazini kwa miguu. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 jijini. Waliookolewa Jangwani, bondeni humo, na mitaa jirani walipewa viwanja Mabwepande, kaskazini mbali, ambako kulikuwa na hewa safi na hakukuwa na kibarua. Haikuchukua muda baadhi yao kurudi bondeni. Mpima hawalaumu, amewahi kumuuliza fundi viatu mmoja kwa nini alirudi, akajibiwa kwamba Mabwepande hakuna viatu vya kushona.

Na kwa kuwa serikali nayo hukosa ardhi mjini kama raia, ilijenga karakana ya mabasi ya mwendokasi palepale Jangwani. Mabasi yalianza kazi mwaka 2016. Masika ilipokuja, maji yaliyafuata humo, na zaidi ya mara moja huduma ikasimama. Kuna jambo la kufundisha katika picha ya basi jipya limesimama ndani ya maji mpaka madirishani, kwenye kiwanja ambacho raia waliambiwa wahame kwa sababu hapafai.

Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilikuja na mradi wa viwanja 20,000. Mpima alikuwa karibu na kustaafu, na kwa mara nyingine akapata kufyeka mistari: Mbweni, Bunju, Kibada, Toangoma, Buyuni. Viwanja vilivyopimwa vilizidi idadi iliyotajwa kwenye jina la mradi, jambo lisilo la kawaida katika nchi yetu. Fedha za kuanzia zilikopwa hazina na kurudishwa kwa mauzo ya viwanja, hivyo mradi ulijilipia. Kwa upande wa upimaji, ulikuwa ushindi.

Ila angalia nani alipata. Ada ilitakiwa kwa mkupuo katika muda mfupi, na mama muuza vitumbua hana mkupuo. Viwanja vilienda kwa watumishi, wafanyabiashara, Watanzania wa ughaibuni. Wengi walivinunua kama mtu anavyoweka fedha benki: wakaviacha vikaota magugu, bei ipande. Miaka mingi baadaye ungeweza kutembea kwenye barabara zilizopimwa vizuri za maeneo hayo ukasikia kanga wakilia. Wakati huo wakulima waliolipwa fidia walichukua fedha zao, wakavuka mstari wa mwisho wa mawe, wakanunua shamba kidogo mbele, nao wakaanza kuuza kwa hatua. Mradi wa kuondoa makazi holela ukapanda mbegu ya makazi holela kilomita chache mbele yake.

Kigamboni ilipata dawa kali zaidi. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya, na wenyeji wakakatazwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri. Miaka ikapita. Mtu hawezi kuezeka chumba cha pili wala kuuza, na mji mpya hauonekani. Mwishowe mpango ule mkubwa ukawekwa kando. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 watu walimiminika, wakajenga walivyoweza.

Baada ya kustaafu, mpima aliajiriwa kwa muda na kampuni binafsi katika zoezi la urasimishaji. Mpango ni kwamba wakazi wachange fedha, eneo lao lililojengwa kiholela lipimwe kama lilivyo, kila mtu apate hati, na wakubaliane wenyewe kuachia vipande vya ardhi kwa ajili ya njia. Huko mitaa ya milimani ng'ambo ya Kimara ndiko alikokutana na bibi mmoja mjane ambaye mstari wa barabara ulipita juu ya shimo lake la choo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba. Umekuja kunibomolea?”

“Nimekuja kuomba hatua tatu tu.”

“Hatua zako au zangu?”

Watu walicheka, na kicheko kikalainisha kikao. Bibi alikubali kutoa hatua mbili na nusu upande wa ukuta. Kijana wa ng'ambo ya kichochoro, aliyekuwa na banda la kuku tu, akatoa zaidi. Barabara ikapinda kidogo ikakwepa choo. Ilitoka mita nne na ushee badala ya sita. Kitaalamu haikupita mtihani. Lakini lori la mchanga liliingia wiki ileile, na bei ya viwanja vya ndani ikapanda kabla hati hazijatoka. Hanna Nassif, Kinondoni, walifanya jambo la aina hiyo miaka ya 1990, wakazi wakichimba mifereji ya mvua kwa mikono yao na kulipwa ujira, na mafuriko ya mtaani yakapungua. Lililofanana kote kuwili ni kwamba aliyetoa ardhi au jasho aliona faida kwa macho yake, karibu na mlango wake, na mapema.

Linganisha na ile alama nyekundu ya X inayopakwa ukutani barabara kuu inapopanuliwa. Mwenye nyumba hupata habari kutoka kwa brashi. Kwenye barabara ya Morogoro, mwaka 2017, nyumba nyingi za Kimara hadi Kibaha zilivunjwa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, baadhi zikiwa zimekaliwa miaka mingi, zimeungwa umeme, zinalipiwa kodi ya majengo. Kisheria hifadhi ilikuwapo. Mpima anauliza jambo dogo: katika miaka yote ile, ilikuwa gharama gani kuzika mawe ya mpaka yanayoonekana kila mita mia na kumlipa mtu mmoja mwenye baiskeli ayakague?

Sasa jiji limevuka hata mkoa wake. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta watu 5,383,728 Dar es Salaam, ongezeko la milioni moja na kidogo tangu mwaka 2012. Mkoa wa Pwani unaouzunguka ulikuwa na takriban milioni 1.1 mwaka 2012. Mwaka 2022 ulipita milioni 2. Anayepanga Kinondoni hana mamlaka Mkuranga, na mhandisi wa Kibaha hapigiwi simu na wa Ubungo, ila familia zinazohama hazioni mpaka wowote kati yao. Kuanzia Vikindu hadi Chanika na Mlandizi, minazi ina namba za simu za madalali.

Ndugu zake mpima wana shamba upande wa Mkuranga, na walipoamua kuliuza walimwita. Alikuja na kijana mwenye kifaa cha satelaiti na mifuko ya saruji, akataka kabla kiwanja hakijauzwa zitengwe barabara mbili za mita kumi na mbili na mfereji kufuata mkondo wa maji. Mjomba mmoja aliinuka: ardhi hiyo yote itauzwa kwa nani? Mpima akapiga hesabu mbele yao kwenye kipande cha boksi, akaonyesha kwamba kiwanja chenye njia ya gari huuzwa ghali kuliko kilichofichika, na kwamba ardhi ya barabara hurudi ndani ya bei hiyo. Mjomba akasema hesabu za boksi si fedha. Kikao kilikwenda mpaka adhuhuri. Walikubaliana mita nane, mfereji ukabaki, na mjomba akasisitiza fidia ya mikorosho miwili itolewe na wote. Saruji ilimwagwa siku hiyohiyo, kwa amri ya mpima, kabla dalali hajapata habari.